Mapigo: istilahi ya fizikia na mipaka yake

mapigo *nm* (ngeli ya LI-YA, umoja *pigo*). Katika fizikia: kupanda na kushuka kwa ukubwa wa sauti, kwa vipindi vilivyo sawa, kunakosikika pale sauti mbili zenye marudio yanayokaribiana zinapotolewa kwa pamoja. Idadi ya mapigo kwa sekunde ni sawa na tofauti ya marudio ya sauti hizo mbili.

Fasili hii ni fupi, lakini neno linalofasiliwa lina shughuli nyingi. Daktari huhesabu mapigo ya moyo. Mwalimu wa muziki hugawa kipande katika mapigo matatu au manne. Mhakiki wa ushairi husikiliza mapigo ya ubeti, na mwandishi wa habari huandika kwamba kifo cha mtu fulani ni pigo kwa taifa. Katika matumizi hayo yote pigo ni tukio moja linalojitegemea: kitu kimegonga, kimedunda au kimeangusha. Mapigo ya fizikia si ya namna hiyo. Hakuna kinachogonga. Kilichopo ni sauti mbili zinazoendelea bila kukatika, ambazo kwa kusikika pamoja hufanya sikio lidhani kwamba kuna mtu anayeongeza na kupunguza sauti kwa mkono.

Tofauti hii ingekuwa jambo la wanafizikia peke yao kama isingekuwa na matokeo darasani. Katika shule za sekondari za Tanzania vitabu na mitihani ya fizikia ni vya Kiingereza, ilhali maelezo ya mdomo ya mwalimu mara nyingi huwa ya Kiswahili. Hivyo mwanafunzi hulisikia neno *mapigo* kabla ya kuliona limeandikwa, na hulipokea pamoja na maana zake zote za nyumbani. Akiambiwa kwamba uma mmoja una mitetemo 440 kwa sekunde na mwingine 444, kisha akaulizwa ni mapigo mangapi yatasikika, aghalabu hujibu 884, au 442. Jibu ni 4. Kosa si la hesabu. Amehesabu kwa usahihi kitu ambacho hakuulizwa.

Jinsi yanavyotokea

Chombo kinachotumika zaidi kuonyesha jambo hili ni uma wa sauti, yaani kipande cha chuma chenye meno mawili ambacho kikigongwa hutoa sauti moja safi isiyobadilika. Tuchukue nyuma mbili, wa kwanza ukitetema mara 440 kwa sekunde na wa pili mara 444. Tuchukulie pia kwamba zina nguvu sawa na kwamba zimeanza pamoja, kilele cha wimbi la kwanza kikikutana na kilele cha wimbi la pili. Hewa iliyo karibu na sikio husukumwa na mawimbi yote mawili kwa upande mmoja, na sauti huwa kubwa.

Baada ya moja ya nane ya sekunde, uma wa kwanza utakuwa umekamilisha mitetemo 55 na wa pili mitetemo 55 na nusu. Nusu hiyo ndiyo kiini cha jambo zima. Wimbi la kwanza sasa liko kileleni wakati la pili liko bondeni. Moja lasukuma hewa, jingine laivuta, na kwa kuwa nguvu zao ni sawa sauti hufifia hadi kutoweka. Ikipita moja ya nane nyingine, hesabu ni mitetemo 110 kwa 111. Vilele vimekutana tena, na sauti imerudi. Kutoka ukubwa hadi ukubwa imepita robo ya sekunde, kwa hiyo katika sekunde moja sauti itapanda na kushuka mara 4, ambayo ndiyo tofauti kati ya 444 na 440. Sauti yenyewe inayopanda na kushuka husikika kwa kidatu cha mitetemo 442 kwa sekunde, wastani wa zile mbili. Ni hapo ile 442 ya mwanafunzi inapopata mahali pake.

Wanaofikia hatua ya kuandika jumla ya mawimbi hayo kwa alama za hisabati hukutana na mtego wa pili:

y = 2A cos[π(f₁ − f₂)t] · cos[π(f₁ + f₂)t]

Sehemu ya kwanza ndiyo inayotawala ukubwa wa sauti, na marudio yake ni nusu ya tofauti, yaani (f₁ − f₂)/2. Kwa mfano wetu ni 2, si 4. Baadhi ya tafsiri zimekwama hapa na kuandika kwamba mapigo ni nusu ya tofauti. Ukweli ni kwamba sehemu hiyo hupita katika thamani chanya na thamani hasi, na sikio halitofautishi chanya na hasi. Husikia ukubwa tu. Kila mzunguko mmoja huleta uvimbe mara mbili wa sauti, na nusu ya tofauti ikizidishwa kwa mbili hurudisha tofauti kamili.

Nguvu za sauti mbili zikiwa hazilingani, ile ndogo haiwezi kuifuta ile kubwa. Mapigo yatakuwapo kwa idadi ileile, ila baina yake sauti itapungua tu bila kunyamaza. Sifa hii husahauliwa katika fasili nyingi zinazosema kwamba mapigo ni “sauti na kimya kwa zamu”.

Sikio nalo lina mipaka yake. Mapigo machache kwa sekunde huhesabika kwa kidole. Yakifika kumi na kitu hayahesabiki tena, husikika kama mtetemeko. Yakizidi hapo sauti huwa na ukwaruzo, na Hermann von Helmholtz, katika kitabu chake cha 1863 kuhusu hisi za sauti, alieleza kwamba ukwaruzo huo hukera zaidi mapigo yanapokuwa takribani 30 hadi 40 kwa sekunde. Tofauti ikipanuka zaidi, sikio huacha kusikia sauti moja inayotetemeka na kuanza kusikia sauti mbili.

Bamvua na maji mafu

Mwalimu anayetafuta mfano ambao hauhitaji maabara anaweza kuuchukua pwani. Mara mbili kwa siku bahari hujaa na kupwa, na kila mkazi wa pwani ya Waswahili ajua kwamba kujaa na kupwa huko hakulingani mwezi mzima. Kuna siku za bamvua, ambapo maji hupanda sana na kisha kukimbia mbali na kuacha mchanga na miamba wazi. Na kuna siku za maji mafu, ambapo bahari husogea kidogo tu kama isiyo na nia. Wakulima wa mwani wa Zanzibar hupanga kazi kwa kalenda hiyo, kwa kuwa mashamba yao hufikika vizuri maji ya bamvua yanapokupwa.

Kinachotokea hapo ni mapigo. Mwezi huinua bahari kwa kipindi cha takribani saa 12 na dakika 25. Jua nalo huiinua, kwa kipindi cha saa 12 kamili. Ni mawimbi mawili yenye marudio yanayokaribiana, yakikutana katika maji yaleyale. Yanapoinuka pamoja, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, huwa ni bamvua. Yanapopishana, moja likijaa wakati jingine likipwa, huwa ni maji mafu. Kutoka bamvua hadi bamvua hupita takribani siku 14 na robo tatu. Katika muda huo wimbi la jua hukamilisha mizunguko 29 na nusu, na la mwezi 28 na nusu. Tofauti ni moja: pigo moja la bahari.

Hata ile kanuni ya nguvu zisizolingana inaonekana. Katika pwani ya Afrika Mashariki wimbi la jua ni takribani nusu ya wimbi la mwezi, hivyo haliwezi kulifuta. Ndiyo maana siku za maji mafu bahari haisimami kabisa: Mombasa na Zanzibar kina hubadilika kwa mita 1 au zaidi kidogo, wakati siku za bamvua hubadilika kwa zaidi ya mita 3.

Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa na majina ya kilele na bonde la pigo kabla ya kuwa na jina la pigo lenyewe. Hapendekezwi mtu aandike *bamvua* mahali pa *mapigo* katika kitabu cha sauti. Neno hilo ni la bahari na libaki huko. Lakini mwanafunzi wa pwani aliyekwisha kuelewa kwa nini ngalawa imekwama mchangani leo na haikukwama wiki iliyopita, amekwisha kuelewa sehemu ngumu ya somo hili.

Jina na tamathali yake

Kitenzi *piga* ni miongoni mwa vitenzi vilivyopoteza uzito mwingi katika Kiswahili. Anayepiga simu hagongi kitu, wala anayepiga mbizi au kupiga picha. Mtu angetarajia kwamba nomino yake nayo ingekuwa nyepesi kiasi hicho, lakini sivyo: *pigo* limebaki na ugumu wa mkono. Hapo ndipo tamathali ya istilahi hii inapopotosha, kwa kuwa msikilizaji hutafuta mpigaji.

Kiswahili hakiko peke yake katika hili. Kifaransa husema *battement*, kutokana na kitenzi cha kupiga, na Kiingereza kina neno la tamathali hiyohiyo. Kijerumani kilichukua njia nyingine: *Schwebung* hutokana na kitenzi cha kuelea, kama kitu kilichoning’inia hewani kikipanda na kushuka taratibu. Katika kisiwa cha Bali, Indonesia, ala za shaba za gamelani hutengenezwa jozi jozi, moja ikiwekwa juu kidogo ya mwenzake kwa makusudi ili zikipigwa pamoja sauti itetemeke. Mtetemeko huo huitwa *ombak*, na maana ya neno hilo ni wimbi. Mbali na Bali, tamathali ya wimbi huonekana kuwa sahihi kuliko ya pigo. Hata hivyo Kiswahili hakiwezi kuiazima, maana *wimbi* limekwisha kupewa kazi katika fizikia, na wimbi la wimbi lingekuwa fumbo. *Mapigo* libaki, mradi lielezwe.

Wapo wanaopendelea *mpigo* na *mipigo* (ngeli ya U-I) ili kulitenga neno la fizikia na mapigo ya moyo. Nia ni njema, ila *mpigo* lina mwelekeo wake tayari: *kwa mpigo mmoja* ni kwa wakati mmoja, kwa pamoja. Kuliingiza hapa ni kubadilisha utata mmoja kwa mwingine. *Mdundo* na *midundo* halifai kabisa, kwani hubeba ngoma mgongoni.

Jambo linalosababisha mapigo huitwa *mwingiliano wa mawimbi*, na kiambishi *-an-* katika neno hilo kina kazi. *Kuingilia* ni kuvamia jambo la mwingine. Matangazo ya redio yakikatwa na kituo kingine, yameingiliwa. *Kuingiliana* ni kwa pande zote, na mawimbi ya sauti yakikutana huongezana au kufutana mahali pale tu, kisha kila moja huendelea na safari yake bila jeraha. Anayeandika *uingiliaji wa mawimbi* amekwisha kumwonyesha msomaji kwamba wimbi moja limeliharibu jingine. (Mwalimu wa kidato cha tatu ajua kwamba *kuingiliana* lina maana nyingine pia, na kwamba darasa litacheka. Nomino *mwingiliano* hupita kwa salama zaidi.)

Mapigo kazini

Katika vikundi vya taarabu mapigo husikika kabla ya wimbo kuanza. Udi una nyuzi zilizopangwa mbili mbili, na kanuni huwa na nyuzi tatu tatu kwa kila sauti. Nyuzi za jozi moja zikiwa hazijalingana, mpigaji husikia sauti ikiyumba; hukaza au kulegeza, na kadiri nyuzi zinavyokaribiana ndivyo kuyumba kunavyopungua kasi hadi kukoma. Hapimi kidatu cha uzi wowote. Anasikiliza tofauti, na anaifukuza hadi sifuri. Katika akodiani mambo huweza kuwa kinyume: ndimi mbili za chuma zinazotoa sauti moja huachwa na tofauti ndogo makusudi, na mtetemeko unaotokea ndio unaoipa ala hiyo utamu wake.

Kwa kuwa tofauti huhesabika kwa urahisi kuliko marudio yenyewe, mapigo yalikuwa njia ya kupima sauti muda mrefu kabla ya vifaa vya umeme. Joseph Sauveur, Mfaransa aliyezaliwa 1653 na aliyekuwa na matatizo ya kusikia na kusema, alitumia filimbi mbili za kinanda zenye uwiano unaojulikana. Hoja yake ni ya kupendeza. Ikiwa uwiano ni 24 kwa 25, na masikio yakahesabu mapigo 4 kwa sekunde, basi filimbi hazina budi kuwa za mitetemo 96 na 100: hakuna namba nyingine zenye uwiano huo na tofauti hiyo. Johann Heinrich Scheibler, mtengenezaji wa hariri wa Krefeld nchini Ujerumani, alikwenda mbali zaidi. Alitengeneza nyuma 56, kila mmoja ukipishana na unaoufuata kwa mapigo 4 kwa sekunde, kuanzia sauti moja hadi ile iliyo oktava moja juu yake. Hatua ni 55, na 55 mara 4 ni 220. Oktava ni kuzidisha marudio kwa mbili. Basi uma wa chini ulikuwa wa 220 na wa juu 440. Mwaka 1834 alipendekeza kwamba sauti ya A iwe ya mitetemo 440 kwa sekunde, kiwango ambacho ndicho cha kawaida leo.

Mapigo si ya sauti tu. Rada inayopima mwendo wa magari kwa mawimbi ya redio huchanganya wimbi lililotumwa na lile lililorudi kutoka kwenye gari, kisha huhesabu tofauti. Kwa rada ya marudio ya bilioni 24 kwa sekunde, gari linaloijia moja kwa moja kwa kilomita 50 kwa saa hutoa tofauti ya takribani hezi 2,200. Katika uhandisi tofauti hiyo si lazima iitwe mapigo, lakini hesabu ni ileile.

Tahadhari za matumizi

*Marudio* na *masafa.* Yote mawili hutumika kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde, lakini katika maandishi ya fizikia *marudio* ni salama zaidi. *Masafa* asili yake ni umbali, na redio za zamani zilipotangaza katika masafa mafupi zilimaanisha urefu wa wimbi. Wimbi fupi lina marudio makubwa. Mfasiri anayechukua *masafa mafupi* kuwa marudio madogo atakuwa ameigeuza maana juu chini.

*Sauti tofauti* na *sauti ya tofauti.* Kihusishi kimoja hubeba fizikia nzima. Sauti tofauti ni sauti mbili zisizolingana. Sauti ya tofauti ni sauti ya tatu, hafifu, ambayo sikio lenyewe huizalisha pale sauti mbili zenye nguvu na zilizo mbali kidogo zinaposikika pamoja. Mpiga fidla Giuseppe Tartini aliieleza katika karne ya 18. Hiyo si mapigo yaliyoongezeka kasi, ingawa namba yake ni ileile f₁ − f₂. Mapigo ni mabadiliko ya ukubwa. Sauti ya tofauti ina kidatu.

*Idadi bila kipimo cha muda.* Isiandikwe “mapigo 4” pekee pale inapokusudiwa “mapigo 4 kwa sekunde”. Pigo moja huhesabiwa kutoka ukubwa hadi ukubwa unaofuata, au kutoka ufifio hadi ufifio.

Mfano wa sentensi yenye kosa: *Mawimbi yenye mapigo 440 na 444 kwa sekunde yakiingiliana hutoa mapigo 442.* Iliyosahihishwa: *Mawimbi yenye mitetemo 440 na 444 kwa sekunde yakiingiliana, husikika sauti ya mitetemo 442 kwa sekunde yenye mapigo 4 kwa sekunde.*

Mapigo hayasemi sauti ipi iko juu. Uma wa 440 ukitoa mapigo 4 pamoja na uma usiojulikana, huo wa pili unaweza kuwa 436 au 444. Njia ya kawaida ya kuamua ni kubandika nta kidogo kwenye jino la uma usiojulikana. Uzito hupunguza marudio yake. Mapigo yakipungua, ulikuwa 444 na sasa unaikaribia 440. Yakiongezeka, ulikuwa 436 na unazidi kuondoka. Katika kutafsiri swali la namna hii, kitenzi *punguza* hujitokeza mara mbili kwa vitu viwili, marudio na mapigo, na kila mara hakina budi kutajiwa mtendwa wake. Nta huwa kidogo kwa sababu: ikizidi, uma wa 444 waweza kushuka hadi 435, mapigo yakawa 5, na jibu likageuka.